Maswali ya Wasomaji: Gripu ya Raketi ya Badminton

Barua kadhaa zilizotufikia zinailalamikia raketi kwamba ni nzito, inateleza, au haina nguvu. Tulipozisoma kwa makini tuliona kwamba kinacholalamikiwa, mara nyingi, si raketi yenyewe bali ni gripu, yaani ule mkanda unaozungushiwa mpini. Tumechagua chache na tunazijibu hapa chini.

Mhariri, niliuona mpini wa raketi yangu kuwa mwembamba, nikazungusha gripu mpya juu ya ile iliyotoka nayo kiwandani, kisha baadaye nyingine tena juu yake. Sasa mpini unajaa vizuri mkononi, lakini pigo langu la bekihandi limedhoofika, na kigasha kinachoka kabla seti ya pili haijakwisha. Je, niibadilishe raketi?

Ndugu msomaji, usiibadilishe raketi. Anza kwa kuvua vyote ulivyouvisha mpini, na hapa chini tunakueleza sababu.

Katika badminton mkono haukamati kwa nguvu muda wote. Mchezaji huishika raketi kwa ulegevu wakati kinyoya, kile kinachopigwa badala ya mpira, kiko hewani, kisha vidole hujifunga ghafla wakati ule ule nyuzi zinapokigusa, na kufungika huko, pamoja na kigasha kujizungusha, ndiko kunakotoa sehemu kubwa ya nguvu ya pigo. Vidole haviwezi kujifunga pasipo na nafasi. Mpini mnene hukijaza kiganja hadi vidole vikabaki vimetanuka, na hapo mchezaji hana budi kutafuta nguvu begani na kwenye kigasha, jambo ambalo linaeleza uchovu unaoulalamikia.

Kuhusu bekihandi, yaani pigo la mgongo wa mkono, uchunguze mpini kwa karibu. Una pande nane, na baadhi yake ni pana kuliko nyingine. Dole gumba hulala juu ya upande mpana na kuusukuma, na ncha zinazotenganisha pande hizo ndizo zinazokuwezesha kujua, bila kutazama, uso wa raketi umeelekea wapi. Kila tabaka unaloliongeza huzizika ncha hizo kidogo. Baada ya matabaka matatu mpini huwa umekaribia kuwa duara, na dole gumba linasukuma mahali lisipopajua.

Hesabu yake ni rahisi, ingawa wengi hawaifanyi. Gripu ya juu ya kawaida, yaani ule mkanda mwembamba unaonunuliwa na kuzungushwa juu ya wa kiwandani, ina unene wa takriban milimita 0.6. Kwa kuwa inauzunguka mpini pande zote, kipenyo huongezeka kwa milimita 1.2, na mzingo, ambao ndio vidole vinaokumbatia, huongezeka kwa karibu milimita 4, bila kuhesabu mahali ambapo mkanda unajipanda wenyewe. Matabaka mawili ni karibu milimita 8. Hiyo ni tofauti ambayo kila mkono utaihisi. Uzito nao unabadilika: raketi ya daraja la uzito liitwalo 4U ina takriban gramu 80 hadi 84, kwa hiyo gramu chache zinazoongezwa kwenye mpini zinatosha kuvuta mizania kuelekea mkononi, na kichwa cha raketi kikaonekana chepesi kuliko ulivyokinunua.

Tunakushauri uzivue gripu zote hadi kwenye mbao, pamoja na ile ya kiwandani. Mara nyingi utaikuta imeshikizwa kitakoni, yaani mwisho wa chini wa mpini, kwa gundi au kwa pini ndogo ya chuma, na pini hiyo ing'olewe kwa koleo badala ya kuachwa ndani. Kisha zungusha tabaka moja la povu jembamba la chini, na juu yake gripu moja ya juu. Mchezaji asiyejali mtetemo anaweza hata kuiweka gripu ya juu moja kwa moja kwenye mbao. Halafu jipime hivi: shika raketi kwa mkono mmoja, ubadilishe mshiko kutoka fohandi (pigo la upande wa kiganja) kwenda bekihandi na kurudi kwa kuuviringisha mpini kwa vidole tu. Ukilazimika kusaidiwa na mkono wa pili, gripu bado ni nene. Kucha zikichoma kiganja kila unapofunga vidole, hapo ndipo uongeze.

Kwa siku utakayonunua raketi nyingine, fahamu kwamba vipimo vya mpini huandikwa kwa alama. Katika raketi za Yonex, namba inapokuwa kubwa mpini ni mwembamba, kwa hiyo G5 ni nyembamba kuliko G4. Wapo watengenezaji wanaohesabu kinyume, basi usikariri namba bila kuutazama mpini wenyewe. Ukisita kati ya vipimo viwili, chukua chembamba, kwa sababu unene unaongezeka wakati wowote, ilhali mbao haichongwi upya kwa urahisi.

Viganja vyangu hutoka jasho jingi mno. Nimeambiwa nitumie gripu ya taulo, wengine wakaniambia itanikera. Nimfuate nani?

Ndugu msomaji, hao wote wana sehemu ya haki, na tofauti yao inatokana na namna kila gripu inavyolishughulikia jasho. Gripu za poliyurethani, aina ya plastiki laini, zenye kunata huishika ngozi kavu barabara, lakini jasho linapozidi hutanda utando wa maji kati ya ngozi na gripu, na kunata kote kunapotea. Zipo nyingine za aina hiyo hiyo zilizotobolewa vitundu, au zilizotengenezwa ziwe kavu kwa makusudi, ambazo hunata kidogo lakini hufyonza zaidi. Gripu ya taulo, ambayo ni ya pamba, hulinyonya jasho kabisa na kuliondoa juu, ndiyo maana wenye viganja vya maji huipenda.

Gharama zake ni hizi. Ni nene, hivyo mpini unapaswa kuwa mwembamba tangu mwanzo ili kuipa nafasi, na kuiweka juu ya gripu ya kiwandani ni kulirudia kosa la barua iliyotangulia. Hushikizwa kwa gundi iliyo nyuma yake, na ukiivua huacha mabaki yanayohitaji subira kuyasafisha. Ikiloa huongezeka uzito, na ikikauka bila kuhudumiwa, manyoya yake hulala na kushikamana, ikawa ngumu na yenye kukwaruza. Mtu anayechagua taulo amechagua pia kuitunza na kuibadilisha mara kwa mara.

Kuna unga unaotumiwa pamoja nayo. Ule wa magnesi kaboneti hukausha kiganja, ilhali ule wa utomvu wa msonobari huongeza kunata. Upakwe kidogo, juu ya kiganja kilichokwisha kufutwa, kwa sababu unga juu ya jasho hugeuka tope. Kwenye gripu ya poliyurethani inayonata, afadhali uuache kabisa, kwani hujaza uso wake na kuua ule mnato uliokufanya uinunue.

Lakini kabla ya kununua chochote, fanya mambo mawili. Kwanza, vaa kitambaa cha kufyonza jasho juu ya kifundo cha mkono, maana sehemu ya maji yanayolowesha gripu haitoki kiganjani bali hushuka kutoka kwenye kigasha. Pili, chunguza kama unaiachilia raketi baada ya kila pigo. Anayeibana raketi mfululizo hukifungia kiganja chake joto, na jasho huongezeka kwa kubana huko huko. Tumeona wachezaji walioacha kubana wakagundua kwamba gripu yao ya kawaida ilikuwa ikiwatosha.

Nilinunua gripu mpya, nikaizungusha vizuri, lakini inateleza tangu siku ya kwanza kuliko hata ile kuukuu. Je, ni mbovu?

Yaelekea hukuondoa karatasi laini ya plastiki inayofunika uso wake. Gripu nyingi za juu huuzwa zikiwa na karatasi hiyo angavu, nyembamba kiasi kwamba mtu anaweza kuidhania kuwa ni sehemu ya gripu. Fungua gripu, ikwangue pembeni kwa ukucha, uibandue yote, kisha uizungushe upya.

Ninatumia mkono wa kushoto, na gripu zangu hufumuka ncha ya juu kila baada ya muda mfupi. Pia hufanya mikunjo inayonichubua. Nizungusheje?

Ndugu msomaji, gripu za kiwandani huzungushwa kwa ajili ya wanaotumia mkono wa kulia, kwa hiyo wewe una sababu ya kuifungua na kuizungusha kwa mwelekeo wa kinyume. Kanuni ya kuzingatia ni kwamba mistari ya mzunguko ilale kwa kufuata mwinamo wa vidole vyako vinaposhika mpini, wala isivikate. Mistari inayokwenda kinyume na vidole husukumwa kingo zake kila unapopiga, ikainuka kidogo kidogo mpaka ikafumuka.

Anzia kitakoni kwa ile ncha ya gripu iliyokatwa mshazari na kuchongoka. Ifunike kingo ya kitako kidogo, uizungushe raundi moja kamili mahali pale pale ili iwe na kishikio, na kwa anayependa kuhisi kizuizi kinachouzuia mkono usichomoke, raundi mbili. Kutoka hapo panda juu, kila raundi ikiipanda iliyotangulia kwa milimita 2 au 3. Mkono mmoja ushike mkanda ukiwa umevutika sawasawa, na mkono mwingine uizungushe raketi yenyewe. Ukiuzungusha mkanda huku raketi imetulia, mvuto hubadilika kila unapobadilisha mkono, na hapo ndipo mikunjo inapozaliwa. Usivute kupita kiasi pia, kwa sababu gripu iliyonyooshwa mno hukonda na kupoteza ulaini wake. Ya taulo ndiyo isivutwe kabisa, ilazwe tu na kukandamizwa.

Ukifika juu, kata ncha kwa mshazari ili imalizike sambamba na mpini, halafu uifunge kwa utepe wa kumalizia uliozunguka mpini walau mara moja na nusu. Utepe unaokutana ncha kwa ncha ndio unaofumuka. Kama unacheza zaidi wawili wawili na mkono wako hupanda juu ukiwa karibu na wavu, iendeleze gripu hadi ipande kwenye koni, pale mpini unapoanza kupungua kuelekea kwenye shafti, ule ufito unaouunganisha na kichwa cha raketi.

Gripu yangu inanuka. Naweza kuivua, kuifua kwa sabuni na kuirudisha?

Hatukushauri. Gripu ya juu imetengenezwa ili itumike na kutupwa, na ikifuliwa haiurudishi mnato wake. Kuiosha ikiwa bado kwenye raketi ni hatari zaidi, kwa kuwa maji hupenya hadi kwenye mbao za mpini, na mbao zilizozoea unyevu huvimba, hupasuka, au huanza kulegea. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Baada ya mchezo usiifungie raketi ndani ya mfuko uliofungwa zipu pamoja na nguo zilizoloa. Itoe, iache mahali penye hewa na kivuli, mbali na jua kali na joto la ndani ya gari. Ya taulo isuguliwe kwa mswaki mkuukuu ikishakauka, ili manyoya yasimame tena.

Wakati wa kuibadilisha utaujua kwa kutazama mahali dole gumba linapolala, kwani ndipo panapoanza kung'aa na kuwa pagumu. Pakishang'aa, usingoje ichanike. Unapoivua ya zamani, itazame mbao kabla ya kuvisha mpya: ukiona weusi wa ukungu au unga unaodondoka, ifute kwa kitambaa kikavu na uiache wazi usiku mzima. Ukiona ufa, mpelekee fundi wa raketi kwanza.

Je, sheria inaweka mpaka kwa unene wa gripu? Na je, kamba ya kuifungia raketi mkononi inaruhusiwa katika mashindano?

Sheria za badminton zinataja ukubwa wa fremu ya raketi, ambayo haipaswi kuzidi milimita 680 kwa urefu na milimita 230 kwa upana. Unene wa gripu haukuwekewa kiwango. Kuhusu vitu vinavyoongezwa, sheria zinaruhusu vile tu vinavyokusudiwa kupunguza au kuzuia uchakavu au mtetemo, kugawa uzito, au kuufunga mpini kwa kamba kwenye mkono wa mchezaji, mradi viwe vya ukubwa wa kiasi na viwekwe mahali panapofaa kwa kazi hiyo. Kamba yako basi inaruhusiwa. Ihakikishe tu kwamba ni fupi na haining'inii, na mwonyeshe refa kabla ya mechi kuanza.