Servo inajuaje isimame wapi
Kama unadhani volteji ndo inaiambia servo (kile kifaa kinachogeuza shafti yake hadi pembe unayotaka na kuishikilia hapo) igeuke digrii ngapi, hapana, ni urefu wa palsi, yaani muda ambao mpigo mfupi wa umeme unadumu. Kila milisekunde 20 hivi inapokea palsi moja kwenye ule waya wa signali, ikiwa ya milisekunde 1.5 inakaa katikati, ukipunguza kuelekea 1 inageukia upande mmoja, ukiongeza kuelekea 2 inaenda wa pili. Ndani kuna mota ndogo, gia na potenshiomita (kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kikizungushwa) iliyoshikana na shafti, hiyo ndo jicho lake la kujua imegeuka kiasi gani, saketi inalinganisha ilipo na inapotakiwa iwe alafu inazungusha mota mpaka tofauti iishe. Fungua moja iliyokufa utaona, mi ndo nilivyoelewa. Ila zile za kuzunguka mfululizo hazifuatilii pembe, kwao palsi inaamua spidi na upande tu.