Kinga za mapanga kwa Mini 2: zifunge ndani, zivue nje

Ndugu, kwa kuwa umesema kijana wako atajifunzia droni ya DJI Mini 2 sebuleni na uani, nunua kinga za mapanga, yaani yale mabawa madogo yanayozunguka na kuirusha. Droni hiyo ina vihisi vya kuangalia chini tu. Ukuta ulio ubavuni haiuoni kabisa.

Chukua zile za kuzunguka panga lote, si vipande vya upande mmoja. Mapanga yake hukunjika, na pazia au vidole vinaweza kuingia kutoka upande wowote. Hakikisha zimetengenezwa kwa modeli yako hasa. Zile za "inaingia droni zote" ziache dukani, hata muuzaji akiapa.

Kabla ya kufunga, toa betri. Kunjua mikono yote, bana kinga mpaka usikie "ta", kisha vuta kila panga linyooke na ulizungushe kwa kidole, polepole. Likigusa plastiki hata kidogo, fungua urudie. Igeuze droni uone kama vihisi vya chini havijazibwa. Halafu rudisha betri, washa, ipae usawa wa kiuno, itulie hapo. Ikitetemeka au ikipiga kelele ngeni, itue.

Nje kwenye upepo zivue. Zinakamata upepo, na zile dakika 31 za betri wanazotangaza usizitarajie. Uzito nao, kinga zikiwa zimefungwa, unapita gramu 249, jambo lenye maana kisheria ukiipeleka Marekani. Kijana aanze na modi ya Cine, iliyo taratibu.