Maswali ya Wasomaji: Maji Yasiyo na Mlango wa Kutokea

Tangu toleo lililopita, tulipochapisha picha ya Ziwa Bogoria likifuka mvuke alfajiri, barua zilizoletwa ofisini kwetu hapa Mombasa zimezidi nafasi niliyopewa. Nimechagua nne. Wengi wenu mmeandika kana kwamba Bonde la Ufa ni nchi ya mbali isiyowahusu watu wa pwani, na hali msomaji ambaye barua yake naianza nayo amekuwa nalo jikoni kwake miaka yote bila kulijua.

*Maalim, asalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Kibokoni. Tangu ujana wangu hununua fungu la magadi Marikiti, nikayatia katika maharagwe yapate kuiva upesi, na katika mboga zisipoteze rangi yake. Mjukuu wangu amerudi kutoka shuleni akaniambia kwamba Magadi ni ziwa. Je, ni kweli kwamba miaka yote hii nimekuwa nikitia ziwa chunguni? Na ikiwa ni ziwa, mbona ni jiwe?*

Wa alaykum salaam, bibi yangu. Mjukuu wako hakukosea, na swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza, kwani jibu lake ndilo ufunguo wa bonde lote. Bila shaka umewahi kupita Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ukaona mashamba ya chumvi: maji ya bahari huingizwa katika vidimbwi vipana, mlango ukafungwa, jua likayala mpaka ikabaki chumvi tupu. Ziwa Magadi ni shamba la namna hiyo ambalo hakuna mtu aliyelilima. Bonde la Ufa ni sakafu iliyozama baina ya kuta mbili ndefu, na maji yanayoteremka kutoka kwenye kuta hizo, pamoja na yale yanayobubujika yakiwa moto kutoka chini ya ardhi, hukusanyika mahali pa chini kabisa na kukosa njia ya kwendea baharini. Yakisha kukusanyika hayana pa kutokea ila juu, angani, kwa mvuke. Kwa kuwa yamepita katika mawe ya volkano, yanachoacha nyuma si chumvi ya kula peke yake bali ni magadi, nayo yameganda tabaka juu ya tabaka hata pengine unene wake umefikia makumi ya mita. Wakati wa kiangazi sehemu kubwa ya ziwa ni ukoko mweupe na wa waridi ambao mtu anaweza kuusimamia.

Magadi hayo yamekuwa yakichimbwa kwa biashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hupashwa moto yakawa magadi ya unga yanayotumika kutengenezea vioo, chupa na sabuni, na tangu zama hizo reli ya Magadi imeungana na reli yetu pale Konza ili shehena ishuke mpaka bandarini Kilindini. Wazee waliofanya kazi ya upakizi bandarini wanaijua vizuri shehena hiyo na vumbi lake. Siwezi kuapa kwamba fungu lako la Marikiti limetoka ziwa hilo hilo, maana magadi ya mawe huokotwa katika maziwa mengine pia, Kenya na Tanzania. Lakini yote asili yake ni moja.

Kwa kuwa umenitaja chungu, niruhusu neno moja la jikoni. Magadi ya mawe huwa na floraidi nyingi, na floraidi ikizidi hutia meno ya watoto madoa ya rangi ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki wala kwa mkaa. Ndiyo sababu utakutana na watu wengi waliozaliwa bondeni, hata wasiotumia magadi kabisa, wenye meno ya namna hiyo, kwani maji ya visima vyao yameipitia ardhi ile ile. Vilevile magadi huua baadhi ya vitamini za mboga hata kama yanazihifadhi rangi. Kuroweka maharagwe usiku kucha hufanya karibu kazi ile ile bila gharama.

*Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kisauni. Mwaka jana tulichanga fedha kwa miezi mingi tukawapeleka wanafunzi Ziwa Nakuru, tukiwaahidi kwamba wataona ndege wa waridi waliofunika ziwa kama zulia, kama tulivyoonyeshwa vitabuni tulipokuwa wadogo. Tulikuta ndege wachache mno na miti iliyokauka imesimama ndani ya maji. Watoto waliniuliza ndege wamekwenda wapi, nikakosa la kuwaambia. Je, wamekufa?*

La, mwalimu, hawakufa, wamefuata chakula. Ndege hao kwa Kiswahili huitwa heroe, ingawa wengi wetu tumezoea kusema flamingo, na heroe mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akilifunika ziwa, hula kitu kimoja karibu peke yake: vijimea vya majini vidogo visivyoonekana kwa macho, jamaa wa mbali wa mwani, ambavyo hustawi katika maji ya magadi makali. Rangi yake ya waridi hutoka katika chakula hicho. Kwa hiyo ziwa linalomfaa heroe ni lile ambalo viumbe wengine wengi hawalitaki, nalo Nakuru lilikuwa hivyo kwa kuwa lilikuwa na kina kifupi na halikuwa na mlango wa kutokea.

Kuanzia mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yalianza kufura. Mvua ilizidi katika nyanda za juu zinazoyalisha, na ardhi iliyokatwa misitu ikapeleka maji na udongo chini kwa kasi kuliko zamani. Ziwa Nakuru, lililokuwa na takriban kilomita mraba 40, lilivuka 60. Lango kuu la zamani la mbuga lilimezwa, na migunga ya manjano iliyokuwa kando ya ufuo ikafa ikiwa imesimama. Hiyo ndiyo miti mliyoiona. Maji ya mvua yalipoyazimua magadi, vijimea vikapungua, nao heroe wakahamia Bogoria na kwingineko. Ndege hawa hawana makao, wana mizunguko: husafiri usiku kutoka ziwa hadi ziwa, na huatamia hasa Ziwa Natron, upande wa Tanzania, karibu na mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, ambako tope la magadi kali huwazuia fisi na mbweha wasiyafikie mayai. Hata sisi hutujia mara mojamoja, kwa mfano pale Mto Sabaki unapoingia baharini.

Ningekuwa mimi, mwalimu, nisingeihesabu safari hiyo kuwa hasara. Mbuga ya Nakuru ina vifaru weusi na weupe, ina nyati na twiga, na watoto wameona kwa macho yao ziwa likibadilika umbo, jambo ambalo kitabu chetu cha zamani hakikuwahi kutuonyesha. Hata hivyo, mkirudia, pitieni Naivasha kwanza, mkawaonyeshe viboko na tai wavuvi, kisha muwaulize kwa nini maji ya Naivasha ni matamu ilhali nalo halina mto unaotoka. Jibu ni kwamba lina mlango wa siri: maji yake hupenya chini ya ardhi na kwenda zake, yakichukua chumvi pamoja nayo. Ziwa Baringo nalo ni hivyo hivyo. Na kama watoto wanadhani bonde ni mahali pa chini tu, waambie kwamba Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, yaani juu kuliko jiji la Nairobi, na kwamba sakafu hiyo hiyo ikielekea kusini huteremka mpaka Magadi, ambako ni takriban mita 600, karibu sawa na mji wa Voi.

*Maalim, nimeona video ya ufa mkubwa uliokata barabara ya Narok, na watu wanasema Afrika inapasuka na upande wetu utaelea baharini. Nimeanza kulipia ploti Mariakani. Je, Mombasa itakuwa kisiwa? Kijana wa Likoni.*

Kijana wangu, wewe unayepanda feri kila asubuhi ndiwe wa mwisho kuuliza iwapo Mombasa itakuwa kisiwa. Ufa uliouona ulitokea Machi 2018 karibu na Suswa, baada ya mvua kubwa. Wanajiolojia wengi walioukagua walieleza kwamba maji yalichimbua majivu laini ya volkano yaliyokuwa yamejaza mpasuko wa zamani, wala nchi haikupasuka siku hiyo. Ila jambo lenyewe ni la kweli kwa kipimo kingine. Ganda la dunia upande wetu wa mashariki linajitenga na sehemu nyingine ya Afrika kwa milimita chache kwa mwaka, na ndiko kujitenga huko kulikoifanya sakafu ya bonde izame na volkano kama Longonot na Menengai zichomoze. Moto ulio karibu na uso wa ardhi ndio unaotupa umeme wa mvuke wa Olkaria tangu mwaka 1981. Bahari kuingia bondeni ni habari ya mamilioni mengi ya miaka. Siku hiyo ploti yako itasafiri pamoja na hatimiliki yake, kwa hiyo endelea kulipa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mzee wa Jomvu. Babu yangu alikuwa akisimulia habari za wazee waliokwenda bara na misafara, wakafika mahali walipopaita Njemsi, penye nafaka nyingi na watu wapole, kando ya ziwa. Vijana wangu wanaona ni hekaya. Je, mahali hapo palikuwapo, na bado papo?*

Palikuwapo na papo, mzee wangu, nami nimefurahi kwamba jina limehifadhiwa Jomvu. Njemsi, ambayo Wazungu waliiandika Njemps, ni makao ya Wailchamus, kusini ya Ziwa Baringo. Wanasema lugha ya Kimaasai, lakini katika karne ya 19 walikuwa wakulima hodari: walichimba mifereji kutoka mitoni, wakamwagilia mtama na wimbi katika nchi kame ambayo majirani zao waliitumia kwa malisho tu. Misafara ya Waswahili iliyokwenda kutafuta pembe za ndovu ilikuwa ikipita siku nyingi katika nchi isiyokuwa na nafaka ya kununua, ikapumzika hapo na kujaza mizigo yake ya chakula kabla ya kuendelea. Mskoti Joseph Thomson, aliyetoka Mombasa Machi 1883, alifika huko akiwa ameandamana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyeifahamu njia ya Umasaini kabla yake. Vitabu vimemtaja Thomson zaidi kuliko Kimameta, lakini sisi tuna haki ya kujua ni nani aliyemwonyesha mwenzake njia. Njia ya reli ilipopita kwingine na misafara ikakoma, soko la nafaka likafa nalo, na Wailchamus wakaegemea zaidi ng'ombe na uvuvi. Hata leo utawaona wakivua kwa vyombo vidogo vya miti myepesi, mtu mmoja akiwa ameketi nusu ndani ya maji, na viboko na mamba wakiwa hawako mbali.

Majirani zao hawakuishi kwa utulivu daima. Upande wa magharibi, kwenye vilima, wako Watugen, kaskazini wako Wapokot, na baina ya Wapokot na Wailchamus kumekuwa na wizi wa mifugo uliogharimu maisha ya watu. Ndiyo sababu nalipenda jambo walilolifanya pamoja katika hifadhi ya jamii iitwayo Ruko, iliyo upande wa mashariki wa ziwa. Maji yalipopanda, rasi ya Longicharo ilikatwa ikawa kisiwa, na twiga waliokuwa wakitunzwa hapo wakabaki wamezingirwa na maji huku malisho yakipungua. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi Aprili 2021 walivushwa mmoja mmoja kwa chelezo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, twiga amesimama wima, na boti zikimvuta polepole kuelekea nchi kavu. Mwendo wa saa chache kutoka hapo, kando ya Bogoria, wako Waendorois, waliotolewa katika ardhi yao miaka ya 1970 ili pafanywe hifadhi ya wanyama. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na mpaka leo wanadai utekelezaji wa uamuzi huo.

Ukitaka kuwaonyesha vijana wako, mzee wangu, pandeni treni ya Miritini mpaka Nairobi, mkalale huko, kisha mshike gari la Nakuru na jingine la Marigat, na kutoka hapo Kampi ya Samaki, mji mdogo ulio ufuoni mwa Baringo, ni karibu. Msiutegemee mchoro wa ramani ya zamani mkifika ufuoni, kwa kuwa nyumba kadhaa na sehemu za barabara zimo majini. Ulizeni boti ya kwenda kisiwa cha Kokwa, ambako Wailchamus wanaishi na kuchunga mbuzi, na kwenye pembe moja ya kisiwa maji hutoka ardhini yakiwa yanachemka. Mkiwataja babu zenu waliokuja kununua mtama, mtapata wenyeji wa kuzungumza nao.