Safari ya kuona wanyama, uanze kupanga mapema kiasi gani?

Mkuu umeuliza kwamba mko sita, nyie wawili, watoto wawili na wazee wenu, mnataka kwenda Serengeti Agosti mwakani kuona nyumbu wakivuka mto Mara, na kama kuanza kuulizia miezi mitatu kabla inatosha. Haitoshi. Anza sasa, hata wiki hii kama mmeshakubaliana tarehe. Nimekaa miaka mingi Arusha kwenye kazi ya kupanga safari, kutwa nzima unaomba nafasi kambini, na kwa mwezi huo mwaka mmoja kabla ndo kawaida, wengine wanaanza mapema zaidi ya hapo.

Tatizo sio mbuga kujaa. Serengeti ina zaidi ya kilomita za mraba 14,000, kinachoisha ni vitanda. Kuanzia Julai mpaka Oktoba kuvuka kunatokea kaskazini, kule Kogatende na Lamai, na kambi nyingi za huko ni ndogo, mahema nane, kumi, kumi na mawili basi, halafu Julai na Agosti shule za Ulaya na Marekani zimefungwa kwa hiyo familia zote zinataka tarehe zilezile, na makampuni makubwa yameshashikilia vyumba vyao mapema. Sasa nyie mnahitaji mahema matatu, usiku uleule, kambi ileile, na moja liwe la familia watoto wasilale peke yao, na hema la familia kambi nyingine liko moja tu au halipo kabisa. Watu wawili wanaweza kuchelewa wakadaka nafasi ya mtu aliyeahirisha, watu sita ni ngumu sana.

Kuna familia walinitafuta Juni wanataka Agosti hiyohiyo. Nikahangaika mpaka nikapata, lakini wazee wakalala kambi moja na wazazi na watoto kambi nyingine, katikati karibu saa nzima kwa gari. Siku ya kuvuka magari yao mawili yalipaki mbalimbali kwenye foleni ya ukingoni, nyumbu wamejazana pale juu wanasukumana, wanashuka hadi majini wanarudi, wanashuka tena wanarudi, mpaka mchana nyumbu mmoja akajitosa na kundi lote likamfuata, vumbi kila mahali. Walichokuwa wanataka hasa ni babu aone hiyo kitu akiwa amekaa na wajukuu zake, na hicho ndo hakikupatikana. Mimi iliniuma kwa kweli, ndo maana nakusisitizia hivi.

Kwa hiyo usianze na siku ya kutoka nyumbani ukaja mbele. Anza na zile siku ambazo vitanda ni vya shida, yaani usiku wa kaskazini, ukishazipata ndo unajaza Tarangire na Ngorongoro kabla au baada, huko loji ni nyingi na mpangilio unageuzika bila shida. Kaskazini kaa angalau siku tatu, maana nyumbu hawana ratiba, unaweza kukaa siku nzima ukingoni wasivuke. Kambi huwa zinakubali kukushikia nafasi bila hela kwa wiki moja au mbili, baada ya hapo unatoa advansi, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, la sivyo wanaiachia. Soma masharti ya kuahirisha kabla hujatuma hata shilingi, hasa mkiwa na wazee, mtu anaweza kuumwa. Na kama leo mtaambiwa kumejaa msikate tamaa, yale makampuni yakishindwa kuuza vyumba walivyoshikilia wanavirudisha mwezi au miezi miwili kabla, piga simu tena kipindi hicho, ila usiweke safari ya watu sita kwenye bahati hiyo.

Februari kule Ndutu, upande wa kusini, nyumbu wanapozaa, ni hivyohivyo, miezi tisa mpaka mwaka. Krismasi na mwaka mpya nako kunajaa vibaya mno.

Kama mnafikiria pia sokwe wa milimani, yaani gorila wa Rwanda na Uganda, hao wana utaratibu wao. Kila familia ya sokwe inatembelewa na watu wanane tu kwa siku, saa moja, na mtoto chini ya miaka 15 haruhusiwi. Kibali kwa mgeni ni dola 1,500 Rwanda na 800 Uganda. Hapo kibali kwanza, tiketi ya ndege baadaye, nimeona watu wanafanya kinyume wakakuta tarehe zao vibali vimeisha.

Ila kama tarehe zenu zinasogezeka na kuvuka mto sio lazima, mbona maisha ni rahisi. Aprili na Mei ni masika, kambi kadhaa zinafungwa na udongo mweusi unanasa magari, lakini zilizo wazi bei zinashuka sana na hata wiki tatu kabla unapata. Kreta ya Ngorongoro ina wanyama mwaka mzima. Mimi ningechagua mwanzoni mwa Juni, majani bado mabichi, watu wachache, nyumbu wako upande wa magharibi kuelekea mto Grumeti, na miezi minne au mitano ya kupanga inatosha kabisa.

Kitu kingine, mkirudi kwa ndege ndogo toka Kogatende mizigo ni kilo 15 kwa mtu, begi laini, sio sanduku gumu. Waambie wazee mapema.

Weka hapa umri wa watoto na bajeti yenu kwa usiku mmoja, pia kama wazee wanavumilia barabara ya vumbi siku nzima au lazima wapande ndege, nikupangie ni usiku gani wa kuombea kwanza.