Maswali yenu: kukata listi kwenye Python

Nina a = [10, 20, 30, 40, 50]. Nikiandika a[1:4] napata 20, 30, 40. Mbona 50 haiji na ndo ya nne?

Hili tena jamani! 50 ni indeksi 4 (indeksi ni namba ya nafasi) kwa sababu tunaanza sifuri, na namba ya mwisho kwenye mkato, yaani hiyo [1:4], haimo, unaishia kabla yake. Acha kuhesabu vitu, hesabu mianya: mwanya 0 uko kabla ya 10, mwanya 1 uko kati ya 10 na 20, kisu kinapita mwanya 1 na mwanya 4, kilichobaki katikati ndo chako. Ndo maana 4 toa 1 ni vitu vitatu, na a[:2] + a[2:] inakurudishia listi nzima, hakuna kilichojirudia wala kupotea. Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alitetea hesabu hii kwenye waraka mfupi mwaka 1982 na mimi niko upande wake. Wewe unayebandika +1 mpaka majibu yatoke, hujarekebisha kitu, umebahatisha tu.

a[9] inatoa erori, a[2:9] haitoi. Kwa nini?

Mkato unasamehe, unakupa kilichopo. Huruma hii siipendi sana, data ikija pungufu programu inanyamaza, we unakuja kujua baadaye sana. Kagua urefu mwenyewe.

Kugeuza listi nyuma mbele?

a[::-1]. Ungeijaribu kabla ya kuniandikia ingekuchukua sekunde tano.

Natumia a[-n:] kupata vitu n vya mwisho, kuna wakati inaleta listi nzima.

Hapo n ilikuwa 0. Hakuna hasi sifuri, a[-0:] ni a[0:], yaani yote. Weka if kwanza, n ikiwa 0 rudisha listi tupu. Na usikimbilie a[len(a)-n:], n ikizidi urefu unaangukia kwenye hasi tena.

Nimenakili b = a[:] lakini nikibadilisha b, a nayo inabadilika!

Hujaonyesha kodi ila nabashiri una listi ndani ya listi. Mkato unanakili listi ya nje tu, zile za ndani ni zilezile mnachangia, kwa hiyo b[0] = 5 haimgusi a lakini b[0][0] = 5 inamgusa. Tumia copy.deepcopy, inanakili mpaka za ndani. Na ukihamia NumPy, maktaba ya Python ya kuchezea namba, kaa macho zaidi, kule mkato wa kawaida haunakili chochote, ni dirisha tu la data ileile, ukitaka nakala andika .copy() mwenyewe.