Darasa la Jumamosi na Kalamu ya Mwalimu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mwandishi wa hadithi fupi, chache zimeshatoka magazetini. Vijana wa mtaani wananiomba niwafundishe kuandika kila Jumamosi. Nipange vipi darasa, lisije likameza uandishi wangu?
Mwalimu, Majengo, Moshi

JIBU: Mwalimu, anza na idadi. Chukua wanane. Kwa saa mbili mtajadili hadithi mbili tu kwa undani, dakika 40 kila moja, na muda unaobaki wafanye zoezi la kuandika papo hapo. Hivyo kila mmoja anafikiwa mara moja kwa mwezi. Ukipokea 20, zamu itachukua wiki kumi kuzunguka, na wengi watakata tamaa kabla haijawafikia.

Hadithi isizidi maneno 1,500. Nakala zigawiwe Jumamosi iliyotangulia, wakazisome nyumbani kalamu mkononi. Darasani mwandishi asome aya moja kwa sauti, kisha anyamaze mpaka wenzake wamalize. Akianza kueleza alichokusudia, watajadili maelezo yake badala ya kilichoandikwa, na hadithi ikishachapishwa hatakuwepo kuitetea. Wasomaji wataje kwanza walichoelewa kimetokea, ndipo waseme walipopotea au kuchoka. Anayesema "nzuri" au "mbaya" aonyeshe sentensi.

Utakutana sana na hadithi zinazoanza na jogoo kuwika, ndoto, au ukoo mzima wa mhusika. Mwambie mwandishi afiche aya tatu za mwanzo, ampe mtu mwingine asome zilizobaki. Msomaji asipouliza kitu, aya hizo hazikuwa na kazi. Angalia pia mazungumzo: kondakta wa daladala ya Moshi hasemi kama kitabu cha sarufi.

Lakini usiwaandikie upya sentensi zao, tafadhali sana. Mwalimu mwenye sikio zuri hushawishika kufanya hivyo, na baada ya muda darasa zima linaandika kwa sauti yake. Piga mstari, andika swali pembeni, mwache atafute mwenyewe, hata akichelewa.

Kuhusu kalamu yako, kusoma kazi za wengine kunachosha akili ileile unayoandikia. Andika asubuhi kabla hujagusa kazi zao, nazo zitengee siku moja ya wiki. Hadithi unayoiandika sasa usiipeleke darasani. Maoni yakija mapema mno yanaikata njiani. Toza ada, hata ndogo, na iwe ya muhula mzima. Anayelipa kwa siku haji mvua ikinyesha, na majadiliano ya watu watatu hayasimami. Ajira usiache: malipo ya hadithi fupi huja kwa kubahatisha.

SWALI: Hadithi niliyoiweka Facebook naweza kuipeleka kwenye shindano?
Msomaji, Sakina, Arusha

JIBU: Soma masharti ya shindano husika. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea Kiswahili bila kiingilio, maneno 2,000 hadi 5,000, ila hadithi isiwe imechapishwa popote, mtandaoni pia. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Afrika, imekuwa kinyume chake: hutaka iliyokwisha kuchapishwa, tena kwa Kiingereza, tafsiri ikiwemo. Kwa ya Madola, basi, andika mpya. Hiyo ya Facebook itunze kwa ajili ya mkusanyiko, na umwambie mchapishaji mapema kwamba imeshaonekana.