Macho Hutangulia Miguu

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza, kwa kuwa sasa uko kwenye usajili wa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani hapo chuoni, nani apewe ufadhili uliobaki: yule aliyekimbia yadi 40, kile kipimo cha kasi, kwa sekunde 4.45 lakini kwenye mechi haonekani, au yule wa 4.75 ambaye kwenye kila video anaufikia mpira kabla ya wenzake.

Unaikumbuka ile kambi ya Juni ya kaka yako? Ulikuwa mdogo, ulisinzia garini. Msimu mzima, kila Ijumaa usiku, alikuwa akinasa pasi za wapinzani. Pale kambini akakimbia yadi zake 40, kocha akatazama saa, akaandika, akaita, "Anayefuata!" Hata shule anayotoka hakuuliza. Video zake nilikuwa nazo kwenye simu, nimeishika mkononi mpaka watu wakaanza kuondoka. Hadi leo nikikumbuka, koo linanikaba.

Siku zote nasema macho hutangulia miguu. Ile saa huanza kuhesabu pale mkimbiaji anapojitikisa mwenyewe. Kwenye mechi unahesabiwa tangu yule wa mbele yako alipotikisika, na hapo ndipo kaka yako alipokuwa akiwashinda. Alimsoma kwotabeki, yule mrusha pasi, mabegani. Mpira unarushwa, yeye keshaondoka.

Mtazame Cooper Kupp, mpokeaji wa pasi. Vyuo vikubwa havikumtaka, akaenda Eastern Washington. Mwaka 2017, kwenye majaribio ya NFL, ligi ya kulipwa, kule Indianapolis, akakimbia 4.62; mpokeaji mwenzake John Ross akakimbia 4.22, rekodi ya wakati huo. Timu za ligi zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, Cincinnati wakamchukua Ross akiwa wa 9, Kupp akasubiri mpaka wa 69. Februari 2022 Kupp akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na waliofungwa ni Cincinnati haohao.

Ila Ross aliandamwa na majeraha, nisimwonee. Na video nazo hudanganya: kijana anaweza kung'ara kwa sababu shule anazocheza nazo ni dhaifu. Kasi haifundishwi kirahisi, nalijua hilo. Huyo wa 4.75 akipitwa hatua mbili na mpokeaji wa chuo, macho yatamsaidia nini? Hata hivyo, hiyo 4.45 ilipimwa kwa mashine au kwa kidole cha kocha wake? Saa ya mkononi hupendelea. Tafuta muda wake wa mita 100 kwenye mashindano ya riadha. Na wa 4.75 mtazame dhidi ya timu ngumu kuliko zote walizokutana nazo, robo ya nne, akiwa amechoka.

Jina sitataja. Kazi ni yako, na mkuu wako atakuuliza wewe. Ungekuwa hapa mezani ulimi ungeniponyoka, na unajua ungeangukia wapi, maana macho hutangulia miguu. Lakini yeyote mtakayemwacha, mpigie simu wewe mwenyewe, na kabla hujampigia uwe umetazama mechi zake mpaka mwisho.

Baba yako